Bosi Wangu Hakuwa Shemeji Yangu

Bosi wangu alikuwa ananibagua. Naiweka sentensi hii mwanzoni kabisa kwa sababu nikiiacha hadi katikati nitapata njia ya kuizunguka, kama nilivyoizunguka kwa miaka mbele ya mume wangu, mbele ya mama yangu, na mbele ya mhasibu wa ofisi yetu. Mhasibu huyo, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliniuliza siku moja tukiwa tunaosha vikombe, "Dada, hivi huyu mtu ana nini na wewe?" Nikamjibu kwamba bosi ana namna yake ya kutania. Akanitazama, akaendelea kuosha vikombe.

Nilikuwa na sababu ya kukana, na haikuwa sababu nzuri. Mimi ni mtu wa shahada mbili. Nilikuwa naandika makala magazetini kuhusu wanawake na kazi, makala ndefu zenye maneno kama "mfumo dume" na "vikwazo vya kimuundo". Mwaka mmoja, kwenye Siku ya Wanawake, nilisimama Ruangwa, mbele ya akina mama waliokuwa wamechomwa na jua tangu asubuhi, nikatoa mada kuhusu ubaguzi kazini. Mgeni rasmi alikuwa bosi wangu. Alipiga makofi kuliko wote, kisha akaniinamia na kuninong'oneza, kwa jina alilonibandika kwa kuwa kwetu huku tunacheza unyago, "Kungwi, umeongea vizuri sana. Sasa wahi kaangalie kama soda zimepoa."

Nikaenda kuangalia soda. Zilikuwa hazijapoa, nikajilaumu.

Mtu wa namna hiyo atakubali vipi kwamba anabaguliwa? Niliamini kwamba ubaguzi huwapata wale wasioujua kwa jina. Mimi nilikuwa naujua kwa jina, kwa tafsiri, na kwa marejeo ya ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo chochote alichonifanyia kilikuwa lazima kiwe kitu kingine.

Ofisi yetu kuu ya kanda ilikuwa Nachingwea. Tulikuwa shirika dogo la mbegu za ufuta na mbaazi, na tulikuwa na ofisi ndogo Ruangwa: chumba kimoja, ghala, na choo ambacho mlango wake ulizuiliwa kwa jiwe. Mkuu wa ofisi ile alipohama, niliambiwa nikaimu kwa muda. Kwa aliyebahatika kutokaimu maishani, nieleze: unafanya kazi yote ya mkubwa, unabeba lawama zote za mkubwa, na kiti chake unakikalia upande, kama mtu anayesubiri mwenyewe arudi kutoka kujisaidia.

Nilikaimu. Bosi akaleta kijana kutoka kwao, akanipa nimfundishe kazi. Nikamfundisha, akawa mkuu wangu, akaondoka kwa sababu ya joto. Nikakaimu tena. Akaletwa wa pili, naye wa kwao, mpole na mwenye adabu, aliyekuwa akiniita mwalimu. Huyo alikwenda Kilimarondo mara moja, akaamka asubuhi akakuta nyayo za tembo kando ya pikipiki yake, akarudi Nachingwea na homa ambayo haikuonekana kwenye kipimo chochote. Hakurudi Ruangwa. Nikakaimu. Wa tatu alikuwa hodari, nakiri, lakini alipata kazi nzuri zaidi kwingine, na barua yake ya kuaga ilimshukuru bosi "kwa malezi". Malezi yalikuwa yangu. Nikakaimu.

Kila nafasi ilipotangazwa nilifanya usaili. Vijana waliulizwa kuhusu unyevu wa mbegu na namna ya kupanga wakulima katika vikundi. Mimi bosi aliniuliza, "Kungwi, kipindi cha ngoma kikifika ukakimbilia unyago, ofisi nitamwachia nani?" Wajumbe wengine walicheka, nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wao, ili waone kwamba naelewa mzaha. Safari nyingine aliuliza kama mume wangu ameridhia. Safari nyingine alisema watu wa huku ni wazuri sana wakiongozwa.

Sasa mume wangu anatoka mkoa uleule wa bosi. Hapo ndipo nilipopata dawa yangu. Nikajiambia: huyu ni mtu wa kwao mume wangu, ni kama shemeji, na shemeji hutania. Nilimweleza mume wangu ugunduzi huo tukiwa tunakula. Akaacha kutafuna.

"Nani shemeji yako? Huyo?"

"Si wa kwenu?"

"Kwetu ni kule mtoni. Yeye ni wa ng'ambo kule milimani. Hatuoani nao hata."

"Lakini mkoa ni mmoja."

"Hata mimi na wewe nchi ni moja," alisema, "na hujawahi kuniita bosi."

Nikaona hajanielewa. Watu wasiosoma sana sosholojia wana shida hiyo.

Nafasi ilipotangazwa mara ya nne, nilikwenda kwa mama yangu, hukohuko Ruangwa, nikiwa na mfuko wa sukari na uso niliodhani ni wa kawaida. Mama alinitazama akaniuliza nani amenikera. Nikasema hakuna. Akasubiri. Mama yangu anajua kusubiri. Mwishowe nikamsimulia yote, la kungwi, la unyago, la soda, la watu wa huku, na kila neno nililisindikiza na kicheko kidogo.

"Mwanangu," alisema, "huyo mtu anakudharau."

"Hapana, mama. Ananitania. Ni shemeji yangu yule. Wa kwao mume wangu."

Mama akausogeza mfuko wa sukari kando. Kisha uso wake ukafunguka kabisa, jambo ambalo lingenitia hofu kama ningekuwa na akili siku ile.

"Kumbe ni shemeji! Mbona hukusema? Mimi hapo simo, mimi ni kama mkwe wake, namheshimu. Lakini dada zako wanajua?"

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani karibu na stendi ya Ruangwa, na ni mtu ambaye madereva wa mabasi humsalimia kwa tahadhari. Binti yake alikuwa karibu kutolewa unyagoni, na sherehe ya kumtoa ilikuwa wiki ileile. Jioni hiyohiyo alinipigia simu.

"Tumesikia tuna shemeji mkubwa Nachingwea na hajawahi kufika ukweni. Aje. Mlete."

Nilipompelekea bosi mwaliko alifurahi. Afisa utumishi alikuwa ameshafika kutoka makao makuu kusimamia usaili, mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini, na bosi alitaka kumwonyesha jinsi anavyopendwa na wenyeji. Afisa naye alisema hajawahi kuona sherehe ya mwali na angependa sana kuja, kama si usumbufu.

Waliwasili kwa gari la ofisi, limeoshwa. Mlangoni mwa uwanja wa dada, wanawake walikuwa wametandaza kanga kuziba njia, dada yangu katikati, binamu zangu huku na huku.

"Shemeji huyo! Shemeji kaja!"

"Shemeji, ni ukweni hapa, huingii hivihivi!"

Bosi alicheka, akaingiza mkono mfukoni kutafuta noti. Dada akatikisa kichwa.

"Hela kaa nazo. Kwetu shemeji anaingia kwa kazi. Wali haujatiwa nazi."

Wakamshika mikono, taratibu, kama mtu anayepelekwa kuoga, wakamkalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Suruali yake ilikuwa ya kupigwa pasi, ile mistari yake ungeweza kukatia mkate. Wakampa nusu ya nazi. Akaanza kukuna huku akimtazama afisa utumishi, akicheka bado, kuonyesha kwamba mambo haya anayaelewa.

"Ona mkono huo! Laini kama mkate wa boflo!"

"Shemeji, kuna nyama yenyewe, usikune kifuu. Tutakula mbao?"

"Huko kwenu nazi hamna? Mnatia nini kwenye wali, maneno?"

Vigelegele. Afisa utumishi alikuwa amepewa kiti na sahani ya mihogo, na alikuwa anacheka hadi anavua miwani kufuta macho. Mimi nilikuwa nyuma ya masufuria, natabasamu kwa nguvu hadi mashavu yanauma. Nilifikiri: unaona, ni utani, kila mtu anafurahi, nilikuwa sahihi.

Ndipo dada yangu akachuchumaa mbele ya mbuzi, kanga yake ameibana magotini, akamsemesha kwa upole.

"Shemeji, nasikia mdogo wangu unamwita kungwi."

"Ah, utani, shemeji."

"Vizuri. Na kwamba ofisi ya hapa hapewi, ataikimbia aende unyago?"

"Utani huo, jamani."

"Na kwamba sisi watu wa huku tunafaa tukiongozwa?"

"Utani, utani!" Kipande cha nazi kilimteleza, wakampa kingine.

"Basi sawa," dada akasema. Alisimama, na nikaona ameshika funguo za gari la ofisi. Sijui alizitoaje. Dada yangu hupima watu viuno kwa kazi, labda ni humo. "Na sisi tunakutania. Gari lako tumeliteulia mkuu mwingine. Wewe utakaimu."

Mkuu mpya alikuwa bibi yetu, mama yake mama, ambaye macho yake yamefifia lakini mikono yake ni ya mtu aliyelima maisha yote. Walimwinua, wakamketisha nyuma ya usukani, wakamvika kofia ya bosi. Bibi akapapasa, akapata honi. Akaipiga. Ikampendeza, akaipiga tena, akaikalia mkono.

"Mkuu wa gari ni bibi!" binamu mmoja alitangaza. "Shemeji anakaimu hadi bibi ajifunze kuendesha!"

"Na akijifunza?"

"Tutamleta bibi mwingine, shemeji amfundishe!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hata wazee wa kiume waliokaa pembeni kwenye mikeka wakijifanya hawatazami, walikuwa wanatikisika mabega. Afisa utumishi alikuwa ameweka sahani chini.

Bosi aliinuka kwenye mbuzi. Machicha ya nazi yalimjaa kwenye mapaja.

"Leteni funguo," alisema.

"Shemeji anakaimu kwanza!"

"Nimesema leteni funguo! Hivi nyie mna akili kweli? Ndiyo maana huku hamwendelei! Mnacheza ngoma tu mwaka mzima, kisha mtu wenu akinyimwa cheo mnashangaa!"

Honi ilinyamaza. Bibi alikuwa ametoa kichwa dirishani asikie vizuri.

Dada yangu hakupandisha sauti. Alimpa funguo kwa mikono miwili, kama anavyompa mteja nguo iliyokwisha.

"Chukua, baba. Samahani sana. Shemeji hakasiriki, hata umfanye nini. Tuliambiwa wewe ni shemeji."

Afisa utumishi akavaa miwani yake. "Kwa hiyo yale mengine," aliuliza, bila kumwelekea mtu yeyote, "hayakuwa utani?"

Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Mama yangu. Dada yangu. Mhasibu wetu, aliyekuja na zawadi ya doti ya kanga. Bosi naye, uso wake umevimba. Nilikuwa na shahada mbili na makala nisizozikumbuka idadi, na swali lilikuwa rahisi.

"Nadhani," nilisema, "wali umeshaiva."

Ulikuwa haujatiwa hata nazi.

Siku iliyofuata nilifika ofisini Nachingwea nikiwa nimejiandaa kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Bosi hakutaka radhi. Alikuwa mpole kupita kawaida. Usaili ulikuwa keshokutwa, na alinieleza kwamba wakulima wa Kilimarondo wamegoma kupokea mbegu hadi waone mtu mwenye mamlaka, na kwamba hapana mwingine wanayemwamini ila mimi.

"Lini?" niliuliza.

"Keshokutwa, kungwi. Nitakuombea udhuru kwenye kamati. Watakupangia siku yako."

Nikamshukuru! Nilimwambia mume wangu kwamba bosi amelainika, amekiri kwa kinywa chake kwamba wakulima wananiamini. Mume wangu aliniuliza kama nimeiona barua ya kupangiwa siku nyingine. Nikasema mambo mengine ni ya kuaminiana. Alikwenda kulala bila kumaliza chakula.

Kilimarondo ni mbali, na pikipiki ilinifikisha nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Wakulima hawakuwa wamegoma. Walishangaa kuniona. Wengi wao walikuwa hawajalala kwa kufukuza tembo kwenye mahindi, na walikuwa wamekaa kivulini kwenye ukuta wa ghala wakijadili pilipili kichaa na mizinga ya nyuki, ipi inawaudhi tembo zaidi. Mbegu walikuwa wameshazipokea wiki iliyotangulia. Mwenyekiti wao, mzee wa Kimakonde mwenye koti la suti juu ya shuka, aliniuliza kwa adabu nimekuja kufanya nini.

Nikasema nimekuja kuona kama mbegu zimefika.

"Zimefika, mama."

"Basi vizuri."

Tukatazamana. Wakati huo simu yangu ikalia, ikakatika. Mwenyekiti akaonyesha kichuguu nyuma ya ghala, kikubwa, ngazi zimechongwa ubavuni kwa jembe. "Mtandao uko pale juu," alisema. "Geukia upande wa Nachingwea, simu iwe sikio la kushoto."

Nikapanda. Simu ikalia tena. Alikuwa afisa utumishi.

"Mama, tuko kwenye usaili. Tumeambiwa umejitoa."

"Sijajitoa. Nimeombewa udhuru. Niko Kilimarondo."

"Nani amekutuma Kilimarondo siku ya usaili wako?"

"Bosi."

"Kufanya nini?"

Nikatazama chini. Wakulima walikuwa wamesogea hadi miguuni pa kichuguu, kwa sababu mtu anayepanda pale ni habari ya kijiji. "Kuona kama mbegu zimefika," nikasema.

"Zimefika?"

"Wiki iliyopita."

Nilisikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Unadhani kwa nini alikutuma?"

"Labda alisahau tarehe. Unajua ana mambo mengi, halafu ana namna yake ya..."

"Sikusikii, mama. Mtandao."

"Nasema labda alisahau!"

"Sikusikii."

Mwenyekiti akaniita kutoka chini. "Mama, panda kile kinundu cha juu kabisa! Na uongee kwa nguvu, usione haya!"

Nikapanda kinundu. Upepo ulinishika sketi, nikaishikilia kwa mkono mmoja. Nilikuwa na vumbi, nina njaa, nimesafiri nusu siku kuja kuuliza habari za mbegu zilizokwisha kupokewa, na chini yangu kulikuwa na watu ambao usiku kucha walikuwa wamepambana na tembo bila kumtafutia tembo udhuru.

"Alinituma huku ili nisifanye usaili," nikasema.

"Rudia, mama?"

"Alinituma huku ili nikose usaili!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ananibagua!"

"Mama, bado inakatika."

"ANANIBAGUA!" nilipiga kelele. "KWA SABABU MIMI NI MWANAMKE, NA KWA SABABU NI WA HUKU! NA SI UTANI! NA SI SHEMEJI YANGU! HATA MUME WANGU ALISHANIAMBIA!"

Mbwa mmoja akabweka. Mwenyekiti akawageukia wenzake, akawatafsiria kwa Kimakonde wasiosikia Kiswahili vizuri, na bibi mmoja akapiga ulimi na kusema kitu kirefu sana ambacho sikuhitaji kutafsiriwa.

"Sawa," afisa alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, safi kabisa, kama yuko kando yangu. "Nilikusikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka wajumbe wasikie. Nimekuweka kwenye spika."

Nikakaa chini, palepale juu ya kichuguu.

"Yeye yupo hapo?"

"Yupo. Yuko mbele yangu."

Nikasikia sauti ya bosi kwa mbali, laini, ya kuniomba mimi: "Shemeji, jamani, mbona hatukuelewana..." na sauti ya afisa ikamkata, "Naomba utupishe kidogo, mzee." Mlango ukafungwa. Kisha wakaniuliza maswali, kila mjumbe kwa zamu: unyevu wa mbegu, vikundi vya wakulima, ghala la Ruangwa linavuja wapi. Nilijibu yote nikiwa nimeziba sikio moja, na nilipokosea jina la kikundi kimoja, wakulima walinisahihisha kutoka chini, na wajumbe wakawasikia wakicheka.

Walinong'onezana. Nikasubiri. Mwenyekiti naye alisubiri, ameshika ngazi ya kichuguu kwa mkono, utadhani kingekimbia.

"Mama," afisa akarudi, "tumemaliza, na wajumbe wote wamekubali. Ruangwa ni yako. Hukaimu tena. Na kuanzia leo unaripoti kwangu makao makuu, si kwake. Una swali?"

Nilikuwa nalo.

"Lile nililosema mwanzo," niliuliza, "kwamba labda alisahau tarehe. Na lenyewe lilisikika?"

"Lilisikika," akasema. "Karani nimemwambia aliruke kwenye kumbukumbu."